Hita mbili, omu zile zile: kisa cha volti zilizopimwa mahali pasipo pake

Hita ya kwanza iling'olewa ikiwa nzima. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya nikiandike kisa hiki kwa kirefu. Haikuwa imeungua, haikuwa imetoboka, haikuwa na shoti. Ilihukumiwa kwa hesabu ambayo ukiitazama juu juu haina kosa: volti (msukumo wa umeme) ziligawanywa kwa ampea (kipimo cha mkondo), zikapatikana omu (kipimo cha ukinzani), omu zikaonekana zimezidi, ikafungwa hita mpya. Maji yakaendelea kuchelewa vile vile.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Tangi la lita 30 lina hita yenye kibandiko kinachosema wati 2000 kwa volti 230. Tangi lilikuwa limehamishiwa mbali na soketi, kwa hiyo umeme uliifikia hita kwa ekstensheni ya mita 40, waya wa shaba wa milimita mraba 1, na karibu nusu ya waya huo ilikuwa bado imezungushwa kwenye gurudumu lake. Malalamiko yalikuwa mawili: maji hayapati moto kwa wakati, na plagi ya ekstensheni, pale inapoingia ukutani, imeanza kubadilika rangi. Hili la pili mwenye tangi alilitaja kwa kupita tu, tena mwishoni, kama mtu anayetaja mlango unaolia.

"Fundi, hii ni mpya ya boksi, ina wiki moja," aliniambia. "Imekuja na ugonjwa ule ule wa mwenzake."

Kabla sijagusa mita niliuliza muda. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya selsiasi kunahitaji joule 4186 hivi. Lita 30 kutoka nyuzi 20 hadi 50 ni 30 × 30 × 4186, yaani joule 3,767,400. Wati ni joule kwa sekunde, kwa hiyo hita inayotoa wati 2000 kweli ingemaliza kazi kwa sekunde 1884, ambazo ni dakika 31 na kitu. Mwenye tangi alikuwa amepima kwa saa yake: dakika 43. Gawanya joule zile kwa sekunde 2580, unapata wati 1460. Tangi nalo hupoteza joto kidogo kupitia kuta zake, kwa hiyo hita yenyewe lazima ilikuwa inatoa zaidi kidogo ya hapo, tuseme karibu wati 1500. Robo nzima ya nguvu haipo. Naipenda njia hii ya saa na kipimajoto kwa sababu haitegemei mita yoyote ya umeme, na ukifika kwenye volti na ampea una namba ya kuzisuta zikikudanganya.

Sasa tuirudie hesabu iliyoihukumu hita ya kwanza. Aliyepima alifika mwisho wa ekstensheni, hita ikiwa haijachomekwa, akaweka mita kwenye matundu: volti 219. Akachomeka hita, akabana waya mmoja kwa mita ya klampu: ampea 7.5. Akagawanya 219 kwa 7.5, akapata omu 29.2. Kisha akaenda kwenye kibandiko. Nguvu ni volti mara ampea, na ampea ni volti gawanya kwa omu, kwa hiyo omu ni volti kipeo cha pili gawanya kwa wati: 230 × 230 ÷ 2000, omu 26.45. Hita imezidisha omu 2.75, zaidi ya asilimia 10. Ukinzani umepanda, elementi, yaani waya wa joto ndani ya hita, imechoka, ibadilishwe. Kila hatua ya hesabu ni sahihi kikanuni. Hata mimi nilipoandikiwa namba hizo kwenye karatasi ilinibidi nizisome mara mbili.

Lakini hita mpya nayo ilivuta ampea 7.5. Ukiitumia hesabu ile ile, nayo ina omu 29.2. Hita mbili, moja ya zamani na moja mpya, haziwezi kuwa na ugonjwa mmoja wenye kipimo kimoja hadi kwenye desimali. Hapo mtu anapaswa kuacha kuishuku hita na kuanza kuishuku namba.

Kosa liko kwenye zile volti 219. Zilipimwa wakati hakuna mkondo. Mita ya kawaida ya dijitali ina ukinzani wa ndani wa karibu omu milioni 10, kwa hiyo ilipokuwa peke yake mwisho wa ekstensheni ilivuta sehemu 22 tu za milioni ya ampea moja. Mkondo mdogo kiasi hicho ukipita kwenye waya mbovu, hata wenye omu kadhaa, haupotezi volti yoyote inayoonekana. Ndiyo maana soketi iliyooza, plagi iliyolegea na waya mwembamba kupita kiasi vyote vinaweza kuonyesha volti kamili kwenye mita na kushindwa mara tu mzigo, yaani kifaa kinachovuta umeme, unapowekwa. Volti 219 zilikuwa kweli, ila zilikuwa volti za muda mwingine. Ampea 7.5 zilikuwa za muda hita inafanya kazi. Ukigawanya moja kwa nyingine unapata ukinzani wa kitu ambacho hukukikusudia: hita pamoja na kila kilicho nyuma yake, ekstensheni, plagi, nyaya za ukutani, hadi huko umeme unakotoka. Omu 29.2 ni jibu sahihi la swali hilo kubwa, si la swali la hita.

Mtego huu ni wa zamani kuliko mita zetu. Georg Simon Ohm, Mjerumani ambaye jina lake ndilo kipimo cha ukinzani, alianza majaribio yake kwa betri za wakati ule, na volti zake zilikuwa zikishuka mara mkondo unapopita, vipimo vikamyumbia. Ndipo mwanafizikia mwenzake, Poggendorff, alipomshauri atumie kiungo cha metali mbili, bismuthi na shaba, ncha moja ikiwa kwenye maji yanayochemka na nyingine kwenye barafu, chanzo ambacho hakiyumbi kirahisi. Kwa chanzo hicho uhusiano wa mkondo na ukinzani ukaonekana wazi, akauchapisha mwaka 1827. Kanuni tunayoiandika kwa herufi tatu, V = I × R, yaani volti ni ampea mara omu, ilipatikana kwa mtu kukataa volti zinazobadilika wakati anapima.

Basi nikapima upya, safari hii hita ikiwa inafanya kazi, mahali pawili kwa zamu, mita ya klampu ikiwa imebaki kwenye waya. Soketi ya ukutani: volti 214. Kwenye ncha za hita yenyewe: volti 199. Mkondo: ampea 7.5, na mkondo huo ni mmoja njia nzima kwa sababu hakuna pa kuchepukia.

Ukinzani wa hita ni 199 ÷ 7.5, omu 26.5. Kibandiko kinataka 26.45. Hita ni nzima kabisa. Nguvu yake ni 199 × 7.5, wati 1492.5, na hapo saa na mita zikakutana: zile "karibu wati 1500" za maji. Namba mbili zilizotoka njia tofauti zikikubaliana hivyo, mtu anaweza kuendelea kwa moyo mkunjufu.

Hapa kuna dhana inayowachanganya wengi. Husemwa kwamba volti zikishuka ampea hupanda. Kwa mota inayozungusha mzigo ule ule, au chaja na vifaa vya kielektroniki vinavyorekebisha nguvu vyenyewe, ni kweli. Kwa hita si kweli. Hita ni waya wa ukinzani tu, volti zikipungua na ampea zinapungua pamoja nazo, kwa hiyo nguvu inapata pigo mara mbili. Volti 199 ni asilimia 86.5 ya 230, lakini 0.865 × 0.865 ni 0.75. Upungufu wa volti usiofika asilimia 14 umekula robo ya wati. Aliyechukua wati 2000 za kibandiko akazigawanya kwa volti 219 ili akadirie mkondo angepata ampea 9.1, na asingeziona kamwe kwenye waya ule. Wati za kibandiko ni ahadi yenye sharti la volti 230. Kitu cha kudumu kwenye hita ni omu zake.

Hata hizo omu hudumu kwa sababu waya wa hita ni wa aloi ya nikeli na kromiamu, ambayo ukinzani wake haubadiliki sana kati ya baridi na moto. Balbu ya uzi ni jambo jingine. Ile ya wati 60 kwa volti 230 ikiwaka ina omu 882, ikizimwa na kupoa inabaki na chini ya sehemu moja ya kumi ya hizo. Anayepima balbu baridi kwa omu mita na kukokotoa wati atapata jibu la ajabu. Na kwenye mota, volti mara ampea pekee haitoshi kutoa wati, kwa kuwa mkondo na volti haviendi sambamba. Hita haina mambo hayo, ndiyo maana ni mwalimu mzuri.

Tumebaki na volti 15 zilizopotea kati ya soketi na hita. 15 ÷ 7.5 ni omu 2. 15 × 7.5 ni wati 112.5. Wati hizo hazikwenda popote pa ajabu, zimegeuka joto njiani. James Joule alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1840 kwamba joto hilo hufuata kipeo cha pili cha mkondo: 7.5 × 7.5 × 2, inarudi 112.5.

Swali lililobaki ni joto hilo liko wapi, na ni hapa ile plagi iliyotajwa kwa kupita inarudi. Waya wa shaba wa milimita mraba 1 una ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita 40 za ekstensheni ni mita 80 za waya: omu 1.38. Kipimo kimesema omu 2. Waya hauwezi kueleza zilizozidi. Karibu omu 0.6 ziko mahali pengine, na mahali pa kwanza pa kutazama ni pale penye rangi.

Nilizima breka, nikahakiki kwa mita kwamba umeme haupo, nikafungua plagi. Upande mmoja ulikuwa safi, shaba inang'aa. Upande wa pili nyuzi za waya zilikuwa nyeusi kwa urefu wa nusu kidole, plastiki ya kando yake imekuwa kahawia na imejikunja kidogo, na skrubu ilizunguka kwa ncha ya bisibisi bila kubana chochote. Harufu ya plastiki iliyopikwa ilikuwa imeshika vidole vyangu mpaka jioni. Nikaweka klipu mbili zilizofunikwa vizuri, moja kwenye pini ya plagi, nyingine kwenye nyuzi za shaba nyuma ya skrubu, nikahakikisha hakuna chuma kinachoguswa, nikarudisha umeme na kusimama mbali huku nikisoma mita. Kazi hii ni ya mtu aliyezoea, si ya kujaribu kwa sababu umeisoma mahali. Mita ikaonyesha volti 4.5. Upande ule safi ilionyesha 0.05 tu.

Nilikuwa na sababu ya kupima volti 4.5 moja kwa moja badala ya kutoa namba mbili kubwa. Mita yenye kosa la asilimia 1 inaweza kukosea volti 2 kila upande ukisoma 214 na 199, kwa hiyo zile "volti 15" zingeweza kuwa 11 au 19. Ukipima tofauti yenyewe mahali ilipo, asilimia 1 ya 4.5 si kitu. Nami nisingeweza kukiona kiungo hiki kwa omu mita, maana nyaya za mita peke yake huwa na sehemu za kumi kadhaa za omu, na kiungo kilichopoa mara nyingi hujifanya kizima.

Kiungo kile, basi: 4.5 ÷ 7.5, omu 0.6. Nguvu yake: 4.5 × 7.5, karibu wati 34. Waya ulibaki na volti 10.5, yaani omu 1.4, karibu kabisa na 1.38 za hesabu, kidogo kilichozidi kikielezeka kwa shaba iliyopata joto. Nguvu inayopotea kwenye waya ni karibu wati 79.

Nataka tukae hapa kidogo, maana ndipo penye hatari yote. Wati 79 ni zaidi ya mara mbili ya 34. Wati 1492 za hita ni zaidi ya mara 40. Mtu akisoma namba peke yake ataona plagi ndiyo ndogo kuliko vyote. Lakini hita imezama majini na maji yanaibeba. Zile 79 zimetawanyika kwenye mita 40, karibu wati 2 kwa kila mita ya kebo, hewa inazichukua, isipokuwa kwenye gurudumu ambako kebo imelaliana na joto halina pa kutokea. Pale nilipoingiza kidole katikati ya mizunguko palikuwa na moto wa kustusha. Zile 34 ziko kwenye eneo dogo kuliko ukucha, zimefungiwa ndani ya plastiki. Wati 34 ni nguvu ya pasi ndogo ya kulehemu vifaa vya kielektroniki. Fikiria pasi hiyo imewekwa ndani ya plagi, ikawashwa dakika 43, kila siku. Tena haitulii: joto hulegeza skrubu na kuiunguza shaba juu yake kuwa oksidi, oksidi huongeza omu, omu huongeza joto. Breka haiwezi kusaidia. Breka hutazama ampea, na ampea 7.5 ni mkondo halali kabisa, umepungua hata kuliko ule wa kibandiko.

Nilipomwonyesha aliyepima mara ya kwanza, fundi kijana mwenye bidii, alichukua kalamu akakokotoa nguvu ya kiungo kwa kanuni ya volti kipeo cha pili gawanya kwa omu: 214 × 214 ÷ 0.6. Akapata wati 76,000 na ushee, akanitazama. Ni kosa lile lile lililoing'oa hita ya kwanza, limevaa nguo nyingine. Volti 214 ni za njia nzima, omu 0.6 ni za kiungo. Weka volti za kiungo chenyewe, 4.5 × 4.5 ÷ 0.6, inatoka 33.75. Alirudia mwenyewe kwa kebo na kwa hita, kila kimoja kwa volti zake, akajumlisha wati zote akapata 1605. Kisha akazidisha 214 kwa 7.5, ikawa 1605. Alitabasamu kwa namna ambayo iliniridhisha kuliko kazi yenyewe.

Tengenezo halikuwa gumu. Ekstensheni ikaondolewa, ukavutwa waya wa milimita mraba 2.5 kwa umbali ule ule, nyuzi zikakazwa kwa skrubu kwenye plagi mpya, hakuna mizunguko. Soketi nayo ilibadilishwa, kwa kuwa joto lilikuwa limekwisha legeza springi zake.

Vipimo vya baada, hita ikifanya kazi: soketi volti 213.7, kwenye plagi imepotea volti 0.1, kwenye waya 4.4, kwenye hita 209.2, mkondo ampea 7.9. Omu za hita, 26.5, hazijasogea. Nguvu ya hita, wati 1653. Plagi sasa inakula chini ya wati 1. Maji yalifika nyuzi 50 kwa dakika 39.

Mwenye tangi alitarajia 31, na nilimweleza wazi kwamba kazi yangu haikuweza kumpa 31. Wati 160 zimerudi, hatari ya moto imeondoka, lakini volti za chanzo chake si 230. Hata kama hakuna kinachopotea njiani, volti 219 kwenye omu 26.5 hutoa wati 1810 tu. Nilipima pia kwenye sanduku la breka: bila mzigo 219, hita ikiwaka 216. Kutoka hapo hadi soketini zinapotea volti 2.3, kiasi kinacholingana na mita 20 za waya wa ukutani wa milimita mraba 2.5, kwa hiyo upande wa ndani hauna kiungo kibovu kilichojificha. Volti 3 nyingine zinapotelea kabla ya sanduku, na hizo ni za kupelekwa kwa wanaoleta umeme, pamoja na vipimo vyote viwili, cha bila mzigo na cha mzigo, vikiwa vimeandikwa ndani ya saa ile ile. Hita ya zamani, tuliyoikuta bado kwenye kona ya stoo, ilipimwa ikatoa omu 26.4, ikafutwa vumbi, ikawekwa akiba.